Top Thrill 2: bustani ya burudani imeuza tiketi, Zamperla, watengenezaji, wamebaki na aibu. Na Zamperla wenyewe wamekaa kimya!

Wakuu, hili nimekaa nalo rohoni muda mrefu, leo nalitoa. Kila Zamperla ikitajwa, wa kwanza kujibu lazima aulize "si ndio wale wa Top Thrill 2?" na mjadala unafia hapo hapo. Kampuni ya Italia iliyoanza mwaka 1966, yenye mitambo ya burudani karibu kila pembe ya dunia, leo inapimwa kwa mtambo mmoja. Inaniuma, na hasira yangu inakwenda pande mbili.

Kwa asiyejua kisa: Cedar Point, huko Ohio, Marekani, bustani ya burudani, walikuwa na rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi) iitwayo Top Thrill Dragster, kazi ya kampuni ya Intamin, iliyofunguliwa 2003. Mnara wa futi 420, yaani mita 128, na mwendo wa kilomita 193 kwa saa. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikampiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya sana. Mtambo ukafungwa. Baadaye Zamperla wakapewa kazi ya kuufufua: mfumo wa haidroli uliokuwa ukifyatua treni ukang'olewa, zikaja sumaku za umeme, ukasimamishwa mnara wa pili wa futi 420 upande wa nyuma, na treni zikawa mpya kabisa. Ukaitwa Top Thrill 2, na tarehe 4 Mei 2024 umma ukaingia. Hazikupita hata wiki mbili, mtambo ukafungwa tena, na msimu wote wa 2024 ukaisha watu wakipita chini ya minara miwili isiyofanya kazi.

Sasa kumbukeni bustani ilitangazaje. Kwamba mtengenezaji, Zamperla, anahitaji kukamilisha marekebisho ya kimitambo kwenye mabehewa. Basi. Jina la mtengenezaji limetangulizwa mbele kama ngao. Wakati wa matangazo ya uzinduzi, mtambo ulikuwa fahari ya bustani. Ulipoharibika, ghafla ukawa wa Zamperla. Tarehe ya kufungua iliwekwa na nani? Nani aliamua kwamba mtambo wenye teknolojia mpya uko tayari kupokea abiria siku hiyo na si mwezi mmoja baadaye? Mtengenezaji hana geti wala hauzi tiketi. Kulaumiwa peke yake mbele ya watu waliolipia bustani, huo ni uonevu.

Lakini siwatetei Zamperla kipofu kipofu. Mabehewa ni yao. Waliyachonga kwa aluminiamu, wakayasifia, kisha wakayaweka kwenye njia inayofyatua treni mara tatu, mara moja kati ya hizo ikienda kinyumenyume kupanda mnara wa futi 420. Hakuna treni yao iliyowahi kubeba mzigo wa namna hiyo kila siku, kutwa nzima. Mahali pa kugundua udhaifu ni kwenye majaribio, treni ikiwa imebeba madumu ya maji badala ya watu. Ukiugundua foleni ikiwa imejaa, umechelewa.

Na msiniambie haiwezekani. Bustani hiyo hiyo, mwaka 2007, ilikuwa inajenga rola kosta nyingine, Maverick, kazi ya Intamin. Majaribio yakaonyesha kwamba mzunguko mmoja wa kubiringita unazitesa treni kupita kiasi. Wakafanya nini? Wakaahirisha ufunguzi kwa wiki mbili, wakakata kile kipande cha njia na kuweka kingine, wakafungua mwishoni mwa Mei. Leo Maverick ni kipenzi cha watu, na huyo Intamin hakuna anayemsema kwa ajili ya wiki zile mbili. Kasoro ilikuwepo, ila iligunduliwa kabla ya abiria wa kwanza kufunga mkanda.

Wanaosema "maneno ya mashabiki hayaumizi kampuni" hawaijui biashara hii. Hapa hauzwi mzigo wa maelfu. Wanunuzi ni wachache, wanajuana, na mmoja akitaka kununua anampigia simu mwenzake aliyenunua kabla yake. Kampuni ya Arrow Dynamics, waliotengeneza Matterhorn ya Disneyland mwaka 1959, rola kosta ya kwanza ya mabomba ya chuma, walikwenda kufilisika mwaka 2001 wakiwa na X ya Six Flags Magic Mountain mikononi, mtambo wa viti vinavyozunguka uliowashinda kuutuliza. Mwaka huo huo Vekoma ya Uholanzi nayo ikaingia kwenye ufilisi, huku mitambo yao mikubwa ya Déjà Vu ikichelewa na kusumbua katika bustani za Six Flags. Vekoma waliinuka, na leo kazi zao zinasifiwa, lakini jina lao lilichukua miaka mingi kusafishika. Togo ya Japani, baada ya Windjammer pale Knott's Berry Farm, mtambo uliofunguliwa 1997 na kuondolewa baada ya miaka michache, hawakuinuka tena Marekani.

Kisha kuna rola kosta ya The Smiler, hili ndilo linanichemsha damu kuliko yote. Alton Towers, Uingereza, Juni 2015: treni yenye watu iligonga treni tupu iliyokwama njiani, watu wakapoteza miguu. Mtambo ulikuwa umesumbua tangu ulipofunguliwa 2013, kwa hiyo watu wakawa na jibu tayari: kosa ni la mtengenezaji, Gerstlauer! Wachunguzi wa serikali wakakuta njia, mabehewa na mfumo wa udhibiti havikuwa na tatizo. Mfumo uliisimamisha treni kama inavyotakiwa, wafanyakazi wakaulazimisha kuiachia. Mwaka 2016 wamiliki, Merlin, walipigwa faini ya pauni milioni 5. Na bado leo nasoma watu wakiandika "Gerstlauer, wale walioua miguu ya watu". Huko ni kumsingizia aliyesafishwa na uchunguzi!

Ndiyo maana kimya cha Zamperla kinanikera. Usiposema mwenyewe kosa lako lilikuwa nini na limeishia wapi, watu watakutungia, na watakutungia baya kuliko ukweli. Treni zilirudi njiani Mei 2025. Basi wekeni wazi: sehemu gani ya behewa ilibadilishwa, kwa nini majaribio hayakuionyesha, na nani alitia saini kwamba mtambo uko tayari Mei 2024. Na kama bustani iliwakimbiza kwa sababu ya tarehe, semeni hivyo hivyo, kwa sauti ile ile waliyotumia wao kuwataja.