Yule fundi wa kamera wa Mwanjelwa na dole gumba lake: nani alimruhusu mtu huyu kushika vitu vya watu?

Binti_Matamba:

Wadau wa Nyanda za Juu Kusini, naandika nikiwa ndani ya Hiace ya Uyole na mikono inatetemeka. Acheni niongee kabla sijashuka nikapanda nyingine ya kurudi kule kule nikapindue meza ya mtu.

Jina silitaji. Mnamjua. Mkoa mzima unamjua, mpaka ng'ombe wa Kitulo wanamjua. Yule anayevaa koti jeupe la daktari, mwenye redio inayopiga kelele tangu alfajiri na bango la "tunatengeneza kila kitu". Huyo huyo.

Nimempelekea kamera yangu, ile ndogo ya zumu ya kuingia mfukoni, ukiwasha lenzi inatoka yenyewe, ukizima inarudi. Tumetoka nayo Kitulo juzi, na barabara ya Chimala kupanda Matamba mnaijua, kona 57 na vumbi linaloingia mpaka kwenye mawazo. Chembe imepenya kati ya bomba moja la lenzi na jingine, lenzi ikakwama nje, kamera ikalia tii tii, ikaandika hitilafu ya lenzi, ikajizima. Basi. Kitu cha kupulizwa na kufutwa taratibu.

Nikamwambia kwa adabu zote: fundi, shikamoo, hili ni vumbi tu, naomba unisafishie. Hakuvaa miwani. Hakugusa bisibisi. Hakuuliza ilianzaje. Akaweka dole gumba juu ya lenzi, dole lenyewe kucha jeusi limeungua na kile chuma cha kulehemea, akasukuma.

KRAAA!

Vijino vya gia mle ndani ni vya plastiki jamani, ni vidogo hivyo hata kuviona ni kazi! Lenzi ikazama imeinama upande mmoja. Nimepiga ukunga mpaka mama wa ndizi ng'ambo kaacha kuhesabu chenji. Yeye kaniangalia usoni, katulia, kasema:

"Si imeingia lakini?"

SI IMEINGIA LAKINI???

Mbele ya wateja! Nao wakacheka! Hata mtu akikuvunjia mlango wa nyumba ataingia, ndiyo useme kafungua? Halafu anadai elfu kumi ya uchunguzi. Dole limechunguza nini? "Si imeingia lakini." Nimeshindwa hata kumjibu, nimebaki namtazama lile koti.

Kamera hiyo ndiyo imenipigia mbayuwayu wa buluu kule Kitulo, ndege adimu, akiwa kwenye waya wa uzio, mbali, na manyoya ya mkia yanahesabika. Leo haiwaki. Inatoa mlio wa kukwaruza tu. Na jitu linaniambia si imeingia lakini.

Bongo_Lala: Uzi bila picha. Tupia picha ya hiyo kamera tuone.

Binti_Matamba: Nitapigaje picha ya kamera na kamera ndiyo imeuawa?

Bongo_Lala: Kwani uzi umeuandikia jiko la mkaa? Si una simu?

Kijana_wa_Mafiati: 😂😂😂 Dada kakamatwa mchana kweupe. Sasa kama simu unayo, kamera ya nini tena zama hizi? Simu yangu ina megapikseli 108.

Binti_Matamba: Megapikseli 108 zipeleke ziwa Ngosi, simama pale ukingoni juu, umpige ndege aliye chini kwenye maji halafu uniletee. Simu yako ukivuta inakata kipande cha picha na kukikuza, unapata ugali wa rangi. Kamera yangu inasogeza vioo vyenyewe ndani ya lenzi. INASOGEZA VIOO. Au niseme ilikuwa inasogeza, kabla ya dole.

Mzee_wa_Tukuyu: Huyo fundi namfahamu. Nilimpelekea redio, akaipiga kofi. Ikaimba. Nimefika nyumbani ikanyamaza mpaka leo. Nilivyorudi akaniuliza, "Si iliimba lakini?"

Binti_Matamba: MNAONA!!! Mzee wangu shikamoo. Huyo ndiye, na msemo wake ni huo huo!

Mama_Kipaimara: Mimi niliacha pasi kwake. Pasi, jamani. Nikarudishiwa ya mtu mwingine, nikaambiwa "hii nayo inapata moto."

Mnyalukolo_wa_Kihesa: Kamwene wote. Mimi niko Iringa, mambo ya kamera nimeyafanya muda. Dada pole sana, kusukuma ni kosa kubwa kabisa. Lenzi ikikwama nje, kwanza weka betri iliyojaa, maana betri ikifa katikati nayo huiacha lenzi nje. Ukiwa umeizima, pitisha brashi laini kuzunguka ule mwanya, pulizia kwa kile kipira cha hewa, siyo mdomo kwa sababu mate yanaingia. Halafu ielekeze lenzi chini, uwashe na kuzima, chembe idondoke. Nyingi zinapona hapo. Ikishavunjika gia inabidi kubadilisha lenzi nzima, na kwa kamera ndogo hizi gharama inakaribia kununua nyingine iliyotumika.

Binti_Matamba: Ahsante mkuu. Yaani brashi tu. Kipira cha hewa tu. Na mtu anavaa koti jeupe.

Kijana_wa_Mafiati: Mkuu wa Iringa kaja kumalizia msiba, kamwambia mfiwa marehemu angepona kwa panadoli.

Binti_Matamba: Cheka tu. Siku dole likishuka kwenye simu yako ya megapikseli 108 utanitafuta hapa.

Dereva_wa_Igawa: Bora wewe umeona aliyekuua. Mimi nimeuawa na kadi. Nimenunua memori kadi pale stendi imeandikwa GB 64, bei ya kutupa, nikaenda nayo send-off ya mdogo wangu Makambako. Nimepiga usiku kucha. Kufika nyumbani, picha za mwanzo nzuri, zinazofuata nusu sura nusu kijivu, nyingine hazifunguki kabisa. Bibi harusi ana paji la uso tu. Familia hainisemeshi.

Mnyalukolo_wa_Kihesa: Hiyo ni feki mkuu. Kadi yenyewe ina nafasi ndogo ila imedanganywa ijitangaze kubwa. Ikijaa ile nafasi halisi, picha zinaandikwa juu ya nyingine au zinapotelea hewani, na kamera haikuambii. Ukinunua kadi, kabla ya sherehe ijaze kwenye kompyuta. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaandika kadi nzima kisha inaisoma tena, uongo unaonekana hapo hapo.

Dereva_wa_Igawa: Nikajaze kadi kwenye kompyuta wakati bibi harusi anasubiri keki? Yule wa stendi nikimwona nitamgonga na Fuso.

Mama_Kipaimara: Afadhali paji la uso. Sisi tulilipa mpiga picha wa kweli, lenzi kubwa kama mtungi, mwanangu kapata kipaimara, picha zote za albamu kapigwa askofu.

Binti_Matamba: Poleni, lakini turudi kwenye dole. Kuna anayejua nifanyeje huyu mtu anilipe? Naweza kumpeleka kwa mtendaji? Nina mashahidi, mama wa ndizi kaona.

Bongo_Lala: Mtendaji atakuuliza, "Si imeingia lakini?"

Binti_Matamba: Bongo_Lala wewe ni ndugu yake, sasa nimejua.

Parachichi_Hass: Mnalia na kamera. Njooni Rungwe mlie na sisi. Dalali kaja shambani, kachuma mwenyewe, kachagua makubwa, yaliyobaki kaita "reject" kaacha chini ya mti. Kilo alizopima kwa mzani wake, nimepima kwa wangu, mbingu na ardhi.

Mzee_wa_Tukuyu: Mzani bado ni heshima, ndugu yangu. Sisi wa viazi hatupimiwi kabisa, tunafungiwa lumbesa. Gunia sheria inasema lisizidi kilo 100, wao wanalivalisha kilemba juu, kamba zinashonwa kama kiota, gunia linarefuka mpaka linamzidi mbebaji.

Dereva_wa_Igawa: Kilemba hicho mimi ndiye nakibeba. Mlima wa Igawilo unanijua.

Mzee_wa_Tukuyu: Basi wewe ni mshirika wao. Rudi kwenye kadi yako.

Dereva_wa_Igawa: Mzee mimi nabeba ninachopakiwa! Mkulima ndiye anakubali kilemba, mimi nifanyeje, nivue?

Parachichi_Hass: Anakubali kwa sababu dalali anamwambia mwenzako wa Isongole kakubali. Kila shamba anasema hivyo hivyo.

Binti_Matamba: Jamani uzi ni wa KAMERA. Lenzi imeinama. Nimeshuka Uyole sasa hivi nimejaribu kuiwasha tena, imekwaruza na kuzimika.

Kijana_wa_Mafiati: Uyole! Dada uko karibu na soko hapo? Tuulizie viazi aina ya Kikondo wanauzaje leo kwa debe.

Mama_Kipaimara: Na karoti.

Binti_Matamba: Siulizi.

Mzee_wa_Tukuyu: Kwa debe usinunue, kijana, nao debe lao wamelibonda chini ili lishike kidogo. Mwambie apime kwa kilo.

Dereva_wa_Igawa: Debe la Uyole halijabondwa, la Mbalizi ndilo limebondwa.

Parachichi_Hass: Yote yamebondwa. Anayebisha alete mzani.