Kifaa ninacho, kitabu nimelipia, lakini ufunguo anao mtu mwingine

Wakuu, naandika kutoka Tororo, mwalimu wa Kiswahili, nikiwa na hasira niliyoikalia wiki nzima. Duka moja la Kampala liliniuzia kifaa cha mtumba cha kusomea vitabu, cha kizazi cha kwanza, na muuzaji akaniapia kwamba kitavuta vitabu hewani popote nitakapokuwa. Kumbe mtandao wake ni wa Marekani tu! Hata Kindle ya kwanza, kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon kilichotoka Novemba 2007 kwa dola 399, ilikuwa hivyo hivyo: ilitegemea mtandao wa Sprint, kampuni ya simu ya Marekani, haikuwa na Wi-Fi, na aliyeishi nje ya Marekani alibaki na kebo na kompyuta. Fedha zangu muuzaji amekataa kurudisha.

Kioo chenyewe sikisemi vibaya. Kina vijifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, ambazo umeme huzisogeza na kuziacha palepale, ndiyo maana ukurasa ukishachorwa hauli chaji tena. Nilikaa chini ya mwembe saa saba mchana, nikasoma kama ninayesoma gazeti, huku simu yangu ikinionyesha uso wangu tu. Usiku umeme ukikatika, hata hivyo, nina kifaa chenye chaji ya siku nyingi kisicho na taa, nami nakimulika kwa tochi ya simu. (Kindle yenyewe ilingoja taa ya ndani hadi 2012.) Muhtasari wa somo langu, ambao ni picha za kurasa za A4, kwenye kioo cha inchi 6 unakuwa safu ya sisimizi, nikiukuza, mistari inatoka nje, na kila nikisogeza, kioo chote kinapiga weusi kabla ya kutulia.

Hayo ningeyavumilia. Lililonichemsha ni kufuli la kidijitali linalofungia kitabu kwenye kifaa cha aliyekinunua. Nililipia riwaya moja, nikaihamisha kwa kebo, kisha mwenzangu wa ofisini akaniomba nimwazime, na nikagundua kwamba haifunguki kwenye kifaa chake. Nakala ya karatasi ya kitabu cha kiada hapa shuleni huzunguka darasa zima mpaka inapoteza jalada, na hakuna anayemwomba mchapishaji ruhusa. Watengenezaji hawakuanza leo: Librié, kifaa cha Sony cha kusomea vitabu kilichouzwa Japani mwaka 2004, ilikuja na vitabu vya kukodi vilivyojifunga baada ya siku 60, na Julai 2009 Amazon iliingia katika vifaa vya wateja kwa mbali na kufuta riwaya mbili za George Orwell, mojawapo ile tunayoijua kama Shamba la Wanyama, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha, na kampuni ikaomba radhi. Lakini mwenye duka la vitabu akiingia chumbani kwangu usiku kuchukua kitabu, hata akiniachia noti mezani, nitaita polisi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kioo kinachostahimili jua na kutumia umeme kidogo kingefaa shule zetu kuliko mahali kilikobuniwa. Muundo wa wazi wa faili za vitabu uitwao EPUB, usiofungwa kwa kampuni moja, upo tangu 2007. Kama kuna mchapishaji wa Uganda anayeuza vitabu vya Kiswahili vya sekondari bila kufuli, naomba mnitajie na bei yake. Ikiwezekana kabla ya Jumatatu, kwa sababu kebo niliyofungashiwa dukani haiingii, na hii niliyoiazima mwenyewe anaitaka.