Maktaba za nje zinanakiliwa ovyo katika ghala letu la msimbo na hakuna anayewajibika

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Katika kampuni ninayofanyia kazi, timu zote huweka msimbo wao katika ghala moja la pamoja, mpango ambao mimi mwenyewe niliutetea kwa sababu kosa likigunduliwa linaweza kurekebishwa kila mahali kwa wakati mmoja. Faida hiyo imeuawa na tabia ya kila timu kujichukulia maktaba ya nje, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine, kuinakili katika folda yake, kuichokonoa kidogo, kisha kuiacha bila kuandika imetoka wapi wala ni toleo gani.

Desemba 2021, udhaifu wa kiusalama wa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ulipotangazwa, tulibadilisha toleo katika faili kuu la Maven, zana inayoleta maktaba za programu za Java, nao wakubwa wakatangaza kwamba kazi imekwisha. Kesho yake nikakuta nakala nyingine katika mfumo wa ankara, faili la jar (kifurushi cha msimbo wa Java) lililobadilishwa jina na kuondolewa namba, na ilinibidi nilifungue hadi ndani ya META-INF, folda ya maelezo ya kifurushi, ndipo nilipotambua kwamba ni toleo la 2.8. Nakala hiyo haikuweza kuboreshwa, kwa maana mtu alikwisha kuihariri, kwa hiyo tuliliondoa kwa mkono darasa la JndiLookup, kipande cha msimbo kilichobeba udhaifu huo. Tena toleo la 2.15.0 halikutosha, likaja 2.16.0, kisha 2.17.0, yote mwezi huo huo, na kila mara msako ulianza upya.

Nikilalamika naambiwa kwamba kila timu ina uhuru wake. Uhuru gani huo, ilhali anayeamshwa usiku ni mwingine? Google, ambao kufikia 2015 ghala lao lilikuwa na mistari ipatayo bilioni 2, huweka msimbo wa nje katika folda ya third_party, penye kumbukumbu ya chanzo, toleo na wenye dhamana, na kwa kawaida huruhusu toleo moja tu la kila maktaba. Sisi, tulio wachache mno kuliko wao, tunafunika kombe mwanaharamu apite.

Wiki iliyopita niliomba ile nakala ya mfumo wa ankara ifutwe. Ombi langu limekataliwa, eti aliyeihariri alishaacha kazi na hakuna ajuaye alibadilisha nini. Nimelifungua tena, na safari hii nimedai liandikwe jina la mtu atakayeibeba dhamana hiyo.