Nimelipia pango la Lascaux, nimeonyeshwa nakala ya 2016, na hela hawarudishi

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie.

Jumamosi nilikwenda ziara ya siku moja ya mapango yenye michoro ya kale, bonde la Vézère, Dordogne, huko Ufaransa. Tangazo lilisema mapango matatu, "michoro halisi", gari, mwongozaji wa kutafsiri, tiketi zote ndani ya bei. Yuro 165 kwa kichwa. Picha waliyoweka ni ule ukumbi wa mafahali wa Lascaux. Nikalipa miezi miwili kabla, tena kwa furaha.

Wajuzi mnajua tayari nilipopigwa. Lascaux lenyewe lilifungwa kwa watalii mwaka 1963. Vijana waliligundua 1940, likafunguliwa kwa umma 1948, watu wakamiminika, na pumzi zao, joto la miili na mwanga wa taa vikaanza kuotesha ukijani ukutani. Serikali ikapiga kufuli. Mimi hilo nilikuwa silijui, nakiri uzembe. Ila nilimuuliza mwongozaji tukiwa garini, kwa mdomo wangu huu: "Tunaingia lenyewe?" Akajibu bila kugeuka, "Ndiyo, Lascaux."

Aliacha namba tu. Nimekuja kuiona kwenye tiketi baadaye: Lascaux IV.

IV, wakuu! Ya nne! Ni jengo la kisasa pale Montignac, chini ya kilima chenye pango, lilifunguliwa Desemba 2016, na ndani yake ndimo ilimo nakala. Na si nakala ya kwanza, maana ile ya Lascaux II ilishafunguliwa tangu 1983.

Sitaki kuwaonea watu wa kituo. Kazi waliyofanya ni ya mikono hodari: ubaridi upo, giza lipo, na yule fahali wa zaidi ya mita 5 anakupita juu ya kichwa mpaka unasahau kupumua. Wala hawafichi kitu. Dada aliyetupokea alisema mapema kabisa kwamba mnachoona ni nakala. Kwenye kundi letu kulikuwa na mzee mmoja ambaye alikuwa ameshavua kofia kwa heshima. Aliposikia hivyo akaivaa tena, taratibu, akageuka kumtafuta mwongozaji wetu. Mwongozaji yuko nje anavuta sigara.

Kama wangeandika "nakala" kwenye tangazo ningelipa hivyohivyo, pengine bei pungufu kidogo. Kinachoniuma ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Haya, la pili, Font-de-Gaume, pale Les Eyzies. Hapa ndipo nilipotaka kulia kama mtoto. Ni kati ya mapango machache mno yenye michoro ya rangi zaidi ya moja ambayo mtu wa kawaida bado anaruhusiwa kuingia. Kwa sababu hiyohiyo wanaingiza watu wachache kwa siku, kwa makundi madogo. Tumefika dirishani, jina la kampuni halipo kwenye orodha. Mwongozaji akapiga simu, akazunguka zunguka, akarudi na neno moja: "Zimejaa." Zimejaaje wakati hela yangu mnayo miezi miwili? Mle ndani kuna kulungu wawili wa nchi za baridi, mmoja ameinama anamlamba mwenzake paji la uso. Huo ndio mchoro ulionitoa kwetu. Nimeuona kwenye postikadi.

Saa ile ya Font-de-Gaume wakatupeleka dukani kuonja maini ya bata. Dakika arobaini! Nadhani mnaelewa nani alikuwa anakula kamisheni pale.

La tatu, Rouffignac, ni halisi, na ndilo linalonifanya nisijute kabisa kuzaliwa. Unapanda kitreni cha umeme, kinakuzamisha gizani, kimya, na ukutani unaona makucha ya dubu wa mapangoni yalivyokwaruza. Halafu mamothi, wale tembo wa manyoya, zaidi ya 150. Kuna dari moja imejaa wanyama. Zamani nafasi kati ya dari na sakafu ilikuwa kama mita moja tu, mchoraji akichora amelala chali, hawezi hata kuona mnyama wake mzima kwa mara moja. Sakafu ilichimbwa baadaye ili watalii wapite. Na katikati ya wanyama wamo wapuuzi wa karne zilizopita walioandika majina yao kwa moshi wa mshumaa.

Haya yote nimeyajuaje? Si kwa mwongozaji wetu. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, yeye aliyelipwa kutafsiri alibaki garini amelala, kiti kimelazwa. Aliyeniokoa ni mama mmoja Mfaransa aliyekaa mbele yangu kwenye treni, akawa ananinong'oneza. Mungu ambariki.

Niliwaandikia kampuni usiku uleule. Majibu: "ratiba inaweza kubadilika bila taarifa", na kuhusu Lascaux eti tangazo halikutaja ni ipi. Halikutaja! Wakanipa na punguzo la asilimia 10 kwa ziara ijayo, kana kwamba kuna ziara ijayo.

Nililipa kwa kadi. Aliyewahi kudai hela kupitia benki kwa huduma isiyolingana na tangazo anisaidie: walitaka ushahidi gani? Nimehifadhi picha ya tangazo kabla hawajalibadilisha, tiketi ninayo, na yule mzee wa kofia tumebadilishana namba, naye anadai. Msinijie na "ungesoma kwanza", nimeshajisema mwenyewe vya kutosha.