Ramani ya babu na simu haviafikiani, nani mkosa?

KijanaWaMaweni
Wadau, hamjambo. Niko Malindi. Marehemu babu alibeba vyombo vya wapima ardhi kule Taita. Juzi tukibomoa paa la makuti tumekuta ramani yake ya 1:50,000 ndani ya mfuko wa saruji. Ametia misalaba minne ya penseli karibu na Mwatate, kando kaandika "shimo". Nikasoma latitudo na longitudo pembeni, nikamtumia binamu aliyeko Voi. Kaenda, akakuta shamba la mahindi la watu! Msalaba wa pili vilevile. Mzee alikosea? Halafu nataka kuitia plastiki isiharibike.

FundiKontua
Usimsingizie marehemu. Soma maandishi ya chini. Karatasi nyingi za aina hiyo ni za datumu (msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo) ya Arc 1960, simu yako inatumia nyingine, WGS84. Kule Taita tofauti ni kama mita 265 kaskazini-kusini, na karibu 90 mashariki-magharibi. Ukiingiza namba za karatasi zilivyo, alama inaruka kaskazini na kidogo magharibi. Kwenye karatasi ni karibu milimita 6, kwa miguu ni shamba la jirani. Ipige skani, ifungue kwa QGIS, programu ya ramani, chagua Arc 1960 UTM 37S (gridi ya mita ya eneo hilo, namba 21037), uishikize kwenye makutano ya gridi. Hesabu itafanywa na programu.

BiShella
Plastiki usithubutu! Ile gundi ya moto haitoki tena. Ilaze tambarare, gizani, mbali na mchwa. Na kwa unyevu huu wetu karatasi hutanuka, kwa hiyo chukua makutano ya gridi kila upande, si kona nne tu.

MtaitaMwenyewe
Misalaba ni ya lini? Kama unawaza shimo la vito: yale mawe ya kijani, tsavorite, mwanajiolojia Campbell Bridges aliyaona kwanza Tanzania mwaka 1967, ndipo baadaye yakapatikana kwetu. Kama babu aliandika kabla ya hapo, shimo lake laweza kuwa la maji tu, haha. Ila usitume picha ya misalaba humu. Na madini ni ya serikali, bila leseni usiguse sururu.

KijanaWaMaweni
Shukrani. Kweli ni Arc 1960. Nimegeuza, msalaba wa kwanza umeangukia kando ya mkondo mkavu. Binamu kakuta duara la mawe limejaa mchanga, ndani kuna mtungi uliovunjika. MtaitaMwenyewe, naona ushashinda. Bado mitatu, na binamu keshaanza kudai nauli ya boda.