Mlezi mcheshi wa kambi ya likizo: tumhoji, tumtazame akiwa kazini, au tuanze na kambi ya kutwa?

Mama wa Ilazo (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Likizo ya Juni inakaribia, na binti yangu wa miaka minane, aliye darasa la tatu, ameng'ang'ania kwenda kwenye kambi ya watoto inayofanyika nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Rafiki zake walikwenda Desemba wakarudi na jina la mlezi mmoja tu mdomoni: kijana anayewachezesha kombolela na rede, anayewapigia zeze jioni, na anayewafanya wacheke hata wanapoosha vyombo. Sina neno na ucheshi wake, ila nataka kumfahamu kabla sijamkabidhi mtoto. Nimefikiria njia tatu. Naweza kuomba kikao naye pamoja na mkuu wa kambi nikamhoji; naweza kufika kambini kundi la kwanza likiwa limeshaanza, nikakaa pembeni na kutazama; au nimwandikishe mtoto kambi ya kutwa, awe anarudi nyumbani jioni, kisha suala la kulala tuliamue baadaye. Kazi yangu iko Mtumba na hutoka nimechelewa, kwa hiyo sitaweza kuzifuata zote. Naomba mnilinganishie kwa sababu.

Baba Mapacha, Kisasa

Mimi naanza na kikao. Yapo mambo ambayo huwezi kuyaona kwa macho hata ukikaa kambini kutwa nzima: wadhamini wake ni akina nani, ana barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakoishi, amewahi kulea watoto wapi, na wakati wa usiku nani analala chumba gani. Ulizia pia idadi ya watoto kwa kila mlezi. American Camp Association ya Marekani hupendekeza mlezi mmoja kwa watoto sita ikiwa wana miaka 6 hadi 8 na wanalala kambini, na mmoja kwa wanane ikiwa ni kambi ya kutwa. Hapa kwetu hatufungwi na kipimo hicho, lakini ukiambiwa kijana mmoja anashika watoto thelathini, utajua kwamba hata awe mcheshi namna gani, hataweza kuwaona wote.

Mlezi wa Zamani

Ndugu Baba Mapacha, maswali yako ni ya lazima, ila mengi yanamhusu mkuu wa kambi kuliko mlezi mwenyewe. Nimefanya kazi hiyo, na naweza kusema kwamba mtu aliyezoea kuchangamsha watoto humchangamsha mzazi pia. Utatoka kwenye kikao umefurahi na hujamjua. Kati ya njia tatu za mleta mada, ya kumtazama akiwa kazini ndiyo inayosema zaidi, mradi ujue unatazama nini.

Usimtazame anapochekesha, kwa sababu hapo yuko kwenye ubora wake. Mtazame mtoto ambaye hacheki. Katika kila kundi yupo aliyekaa chini ya mti na hataki kucheza, na walezi hutofautiana sana katika kumshughulikia: mmoja humvuta kwa nguvu mbele ya wenzake, mwingine humsahau kabisa, na aliye mzuri humpa kazi ndogo, kama vile kushika filimbi au kuhesabu pointi, akamwacha aingie mchezoni kwa hiari yake. Kwenye rede, mtoto mzito wa mwili hupigwa mpira mapema akatoka, na wenzake humcheka. Sikiliza mlezi anasema nini katika sekunde hiyo, kwa maana utani unaomwangukia mtoto yule yule kila mchezo si ucheshi hata kidogo. Kwenye kombolela, angalia kama anawahesabu kabla hawajaenda kujificha na anawahesabu tena mchezo unapokwisha, na kama amewawekea mipaka ya mahali pa kujificha, hasa jua linapozama.

Jambo la mwisho ni saa ya kwenda. Asubuhi kila mlezi ana nguvu. Nenda jioni, watoto wanapotolewa mchezoni kwenda kuoga na kula, wakati amechoka, wao hawataki kuacha mchezo, na upepo wa Juni wa Dodoma umeanza kuuma. Akikumbuka nani hajavaa sweta, hilo lina uzito kuliko zeze.

Afisa Ustawi, Makole

Naunga mkono hoja ya jioni, lakini kwa mtoto wa darasa la tatu ningetanguliza kambi ya kutwa. Mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, kwa kuwa umri huo unahitaji malezi ya karibu ya familia. Agizo hilo linahusu shule na halitaji kambi za likizo. Hata hivyo, sababu yake haibadiliki mtoto anapobadilisha kitanda.

Faida nyingine ya kambi ya kutwa ni kwamba mtoto mwenyewe anakuwa shahidi wako kila jioni. Usimhoji kama polisi. Mwombe akufundishe mchezo aliojifunza, na mengine yatajitokeza yenyewe. Mweleze mapema kwamba mchezo wowote anaoambiwa asiusimulie nyumbani haumo katika michezo, hata kama anayeucheza ni anko anayependwa na kambi nzima. Uchangamfu haumtii mtu hatiani wala haumsafishi. Muulize mkuu wa kambi kama mlezi anaruhusiwa kubaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na kama anaweza kuwapiga watoto picha kwa simu yake. Majibu ya mikwepo yakutoshe kuwa sababu ya kukataa. Na mtoto akariri namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa watoto na haina malipo.

Bibi wa Mvumi

Wanangu, nimesoma yote na nayaheshimu, lakini kijana wa watu mmeshamweka kizimbani kabla hajaitwa jina. Wanaume wanaokubali kazi ya kucheza na watoto ni wachache, na tukiwatazama hivi watabaki wenye nyuso za mbao. Kufahamiana ni kwa pande mbili. Mama wa Ilazo, mweleze na wewe habari za mtoto wako: kama anaogopa giza, kama kifua humbana, kama bado hukojoa kitandani. Kisha nyamaza, usikilize naye atakuuliza nini. Mlezi wa kweli atataka kujua mtoto anabembelezwa vipi akilia usiku. Anayetaka tu kuchezesha ataitikia "sawa mama, usijali", na mazungumzo yataishia hapo.

Baba Mapacha, Kisasa

Shikamoo Bibi. Hilo la kusubiri maswali yake limenishinda kwa hoja. Basi kikao kibaki, ila kiwe kifupi, na nusu yake aachiwe yeye aulize.

Mama wa Ilazo (mleta mada)

Bibi, shikamoo, na nawashukuru wote. Nitakwenda Jumamosi jioni kutazama, nizungumze naye papo hapo baada ya watoto kuingia kula, na wiki ya kwanza binti atakuwa wa kutwa. Sijasikia mtu akigusa usafiri. Kambi hiyo wanasema hukusanya watoto wa kutwa kwa gari moja linalopita Nzuguni na Ilazo, nami jioni linapowarudisha nitakuwa bado njiani kutoka Mtumba.

Mlezi wa Zamani

Uliza nani anakaa nyuma ya gari pamoja na watoto, kwa kuwa dereva hawezi kuendesha na kulea kwa wakati mmoja. Waandikie jina la mtu mmoja wa kumpokea mtoto, liwe kwenye daftari lao, na mlezi asimkabidhi mtoto kwa mwingine hata akipigiwa simu. Ukimwambia sharti hilo Jumamosi, utaona analichukuliaje.