Shefu kupatana na mtu mmoja peke yake: ni haki au ni upendeleo?

Mwenye mada, Kamalondo

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naomba tujadili jambo hili bila matusi, maana limetugawa kazini. Je, shefu ana haki ya kumpa mfanyakazi mmoja masharti yake pekee, tofauti na ya wenzake?

Niko kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, tuko watu 19. Mchana umeme unakuja dhaifu, mara unakatika kabisa. Mwenzetu mmoja, fundi wa kweli, alimwendea shefu wakaelewana wawili: yeye afanye kazi usiku, umeme ukiwa na nguvu, mchana aende chuo. Sisi tulijua siku tulipofika asubuhi tukakuta milango mitatu imekwisha, moja chuma chake bado kina joto. Hakuna aliyekuwa ametuambia neno. Sasa wateja hawangoji tena, na yule kijana hajamwibia mtu kitu. Lakini wiki ileile mama wa stoo aliomba nusu siku tu kwa mwezi, ailipe Jumamosi. Mtoto wake ana SS, ule ugonjwa wa damu wa selimundu, na lazima ampeleke hospitali. Shefu akamjibu: nikikupa wewe, wote watataka.

Hapo ndipo nilipoumia. Sipingi mapatano ya mtu binafsi. Napinga ya kufichwa.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Profesa Denise Rousseau wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliliandikia kitabu kizima mwaka 2005. Kwake, mapatano kama haya yanafaa pale yanapomsaidia mfanyakazi na kuisaidia kazi pia. Yakitolewa kwa sababu ya urafiki, hayo ni upendeleo. Tena anamhesabu mtu wa tatu ambaye sisi humsahau: mwenzako wa kazi, anayebaki kubeba mzigo na kuangalia. Nauliza, huko kwenu huyo wa tatu ana sauti?

Mchimbaji, Ruashi

Hana. Nilifanya miaka kwenye kampuni nisiyoitaja. Wote tulikuwa siku 14 kambini, siku 7 nyumbani. Waliobadilishiwa zamu walikuwa wale waliokula meza moja na direkta. Mimi nilifiwa na mama nikaambiwa ningoje zamu iishe. Sheria moja kwa wote, basi.

Mzee wa Katuba

Wanangu, mkianza kuingia kwa mkubwa mmoja mmoja, mtatoka dhaifu. Desemba 1941, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waligoma kudai mshahara. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyewasemea, akauawa pamoja na wengine wengi. Hakuwa amekwenda kuomba lake peke yake. Marehemu baba alifanya kazi kwenye kampuni ileile miaka ya baadaye, na alituambia posho ya unga ilipimwa kwa hesabu ya watoto wa mtu, haikupimwa kwa sura yake.

Mama wa biro, mtaa wa Kampemba

Papa, shikamoo. Naheshimu uliyosema, ila mimi niko upande wa pili wa meza, naongoza watu 12, niwaeleze na huku kulivyo.

Mhasibu wangu nilimruhusu afanyie kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Nisingefanya hivyo angekwenda Kolwezi, na biro ndogo kama yangu haiwezi kushindana na mshahara wa mgodi. Mimi sina pesa ya kumpa, nina saa. Kwa hiyo mkisema "sheria moja kwa wote", mnaniondolea kitu pekee ninachoweza kumshikia mtu mzuri.

Lakini nakiri: nilificha. Niliogopa foleni mlangoni. Wenzake wakaona meza tupu, wakatunga sababu zao, na nyingine zilikuwa za aibu kwake na kwangu. Zamani nilikuwa shefu wa amri, neno langu limekwisha. Shefu wa namna hiyo akitoa ruhusa, watu wanaiona kama zawadi ya bibi kwa mpendwa wake, hata akiwa na sababu safi. Nilipokuja kukaa na wote na kueleza kwa nini yeye na kwa kazi gani, watu wawili tu ndio waliokuja kuomba. Wale wengine kumbe hawakutaka siku za nyumbani, walitaka kujua.

Na jambo moja liniumalo: mashefu wengi wanamhesabia mama anayenyonyesha zile nusu saa mbili za kila siku kama wema wao. Hizo zimo kwenye sheria ya kazi. Haziombwi.

Mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi)

Mama amesema kweli. Sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka mwisho wa saa 45 kwa wiki, na kifungu cha 86 kinataka mshahara sawa kwa kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa. Kontra inaweza kumwongezea mtu juu ya hapo, haiwezi kumpunguzia.

Mwenye mada, nikuulize. Huyo kijana wa usiku, yuko na nani? Akipigwa na umeme, nani anakata swichi?

Mwenye mada

Yuko peke yake. Mlinzi yuko nje getini. Sikuliwaza hilo, na sasa linanitisha. Nilikuwa naona siri inatuumiza sisi tuliobaki nje, kumbe hata yeye imemwacha bila mtu.

Mchimbaji, pole kwa mama yako. Lakini sheria moja kwa wote ingekunyima ruhusa vilevile, kwa sababu zamu yenyewe ilikuwa sheria. Na papa wa Katuba, ile posho naiona tofauti nawe: mwenye watoto sita hakupata sawa na mwenye mmoja, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kipimo kilijulikana. Ndicho tunachotaka. Jumatatu tunakwenda kwa shefu watu wanne, mama wa stoo akiwemo. Tutaomba iandikwe ukutani: nani anaweza kuomba, kwa shida gani au kwa faida gani ya kazi, kwa muda gani, na nani anabaki na mzigo. Kijana wa usiku apewe msaidizi.

Mchimbaji, Ruashi

Na akikataa?

Mwenye mada

Tutarudi na mjumbe wetu, na ombi la mama likiwa kwenye karatasi.

Mama wa biro, mtaa wa Kampemba

Nendeni asubuhi, kabla ya wateja kufika, mkae naye chini. Msimsimamishe uani mbele ya watu. Na mama wa stoo aongee wa kwanza, yeye mwenyewe.